Kufufua Land Rover ya Zamani Ukiwa Uingereza: Toka Kuinunua Mpaka Kuiingiza Barabarani

Wenzetu wengi wanaoanza kazi hii ughaibuni hawashindwi na ufundi. Wanashindwa na utaratibu. Gari linanunuliwa Jumamosi, Jumapili limeshafunguliwa lote, miezi mitatu baadaye vipande vimejaa kwenye ndoo na maboksi ya ndizi, baridi inaingia, mkataba wa nyumba unakwisha, gari linauzwa kwa bei ya skrepa. Matangazo ya magari yaliyoachwa nusu hayaishi Uingereza, na ukimhoji muuzaji utasikia kisa hicho hicho. Kwa hiyo mwongozo huu una msimamo mmoja: gari linalotembea ndilo linalomalizika. Nunua linalowaka, lirekebishe sehemu moja moja likiendelea kuwaka, na usifungue ya pili kabla ya ile ya kwanza haijarudi mahali pake.

Nitazungumzia Land Rover Series III, iliyotengenezwa Solihull kuanzia 1971 hadi 1985. Zipo nyingine nzuri, na najua kuna watakaouliza habari za Peugeot 504 au Datsun 160J. Ila kwa mtu anayeanza, anayeishi Uingereza, anayepata nafasi wikiendi tu, Land Rover haina mpinzani. Karibu kila spea yake bado inatengenezwa na kuuzwa mpya. Imefungwa kwa boliti mwanzo mwisho, unaweza kuondoa bawa la mbele kwa spana mbili. Bodi yake ni ya aloi ya aluminiamu, jambo lililotokana na uhaba wa chuma baada ya Vita Kuu ya Pili, Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948; kwa hiyo bati la mlango halitobolewi na kutu kama la gari jingine. Isitoshe, ni gari tulilokua nalo. Miaka ya 1970 zilikuwa zikiunganishwa Thika, polisi, wakunga na maofisa wa misitu walizunguka nazo vijijini, na Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha zima kwa ajili yake. Fundi wa Ngarenaro ukimpigia simu ya video atakuelekeza bila kufungua kitabu.

Tafuta mahali kwanza, gari baadaye

Sheria ya Uingereza ni hii: gari lisilolipiwa kodi ya barabara wala bima haliruhusiwi kukaa mtaani, hata kama halina tairi. Unaitangazia DVLA, mamlaka ya usajili wa magari na leseni, kwamba liko nje ya barabara, tangazo linaloitwa SORN, na kuanzia hapo lazima likae kwenye ardhi binafsi. Kama umepanga nyumba yenye nafasi ya kuegesha mbele, soma mkataba wako. Mikataba mingi inakataza kutengeneza magari pale, na jirani mmoja asiyependa kelele za grainda anatosha kukuletea barua.

Gereji za kupanga za halmashauri ni rahisi kwa bei, lakini nyingi hazina umeme, na Land Rover yenye paa la juu haipiti kwenye mlango wa baadhi yake. Pima kwa futi kabla ya kusaini. Mashambani mambo ni mazuri zaidi: wakulima hukodisha pembe ya ghala, kuna umeme, kuna nafasi, na hakuna anayeuliza unagonga nini. Wawili watatu mkichanga kodi ya ghala moja, gharama inashuka na mnapata mikono ya kusaidiana kunyanyua giaboksi. Nasisitiza habari ya mikono. Kazi hii ukiwa peke yako, gizani, Januari, saa kumi na moja jioni jua limeshazama, inachosha moyo kuliko mwili.

Oili chafu usiimwage kwenye mtaro wala kwenye nyasi. Ni kosa na faini yake ni nzito. Ikusanye kwenye dumu uipeleke kituo cha taka cha halmashauri, wana tangi lake maalumu.

Kukagua: nenda na nyundo ndogo, tochi na ovaroli

Uzuri wa bodi ya aluminiamu ndio mtego wake. Gari linang'aa juu, mabati yamenyooka, rangi mpya ya kijani, kumbe chini chasi ya chuma imekwisha kama nguzo iliyoliwa na mchwa. Waingereza humwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi kuyeyusha barafu. Aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja anajua chumvi inavyokifanya chuma. Chumvi hiyo na matope huingia ndani ya chasi, ambayo ni boksi lenye uwazi katikati, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Ukiiona kwa nje, ndani imeshashiba.

Lala chini. Anza na mhimili wa nyuma, ule unaobeba ndoano ya kuvutia trela, kwa maana ndio hufa mapema kuliko sehemu nyingine. Gonga kwa nyundo kila baada ya sentimita chache. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali inayorudi; kilichooza kinatoa sauti butu na magamba yanadondoka usoni mwako, hivyo vaa miwani. Fuata mikono ya pembeni inayotoka kwenye chasi kushika bodi, kisha sehemu springi zinapofungwa, halafu pembe mbili za mbele. Angalia kama kuna bati jipya limebandikwa juu ya bati la zamani na kupakwa lami nyeusi nzito. Lami mbichi chini ya gari linalouzwa ni jibu tosha.

Baada ya hapo kagua ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Huu nao ni wa chuma, na ni ghali. Nyanyua mazulia utazame pale miguu inapokaa, halafu nguzo zinaposhika bawaba za milango, halafu kona za juu chini ya kioo cha mbele. Chasi na ukuta huu ndivyo vinavyopanga bei ya gari zima. Mengine yote yanarekebishika kwa pesa za mshahara.

Injini ya kawaida ni ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Ni mashine mvumilivu. Iwashe ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, rudi siku nyingine. Sikiliza mlio wa cheni ya taimingi mbele, tazama moshi wa bluu nyuma. Liendeshe: kanyaga mafuta ukiwa gia ya tatu kisha achia ghafla, gia ikiruka yenyewe ujue giaboksi inadai fedha. Bonyeza kifundo cha njano chini kuingiza magurudumu yote manne, kisha vuta wenzo mwekundu nyuma kupata gia za nguvu gari likiwa limesimama. Vikiwa vimekaza sana huenda havijaguswa miaka mingi, na hilo peke yake si baya.

Weka jeki chini ya ekseli ya mbele. Shika tairi juu na chini ulitikise, likicheza ni beringi au pini za kona. Shika kulia na kushoto, likicheza ni viungo vya usukani. Tazama yale matufe makubwa yanayong'aa nyuma ya gurudumu la mbele: kroomu yake ikiwa imeliwa vidonda, oili itavuja milele mpaka uyabadilishe.

Kuhusu ukubwa, kuna 88 fupi na 109 ndefu, hesabu ya inchi kati ya ekseli na ekseli. Nakushauri 88. Inaingia kwenye gereji, ni nyepesi kusukuma, na hushawishiki kuijaza mizigo.

Makaratasi

Kitabu cha gari, V5C, kinaonyesha mtunzaji aliyesajiliwa, si ushahidi wa umiliki. Kwa hiyo dai risiti yenye jina, tarehe, kiasi na namba ya chasi. Namba hiyo kwenye Series III imepigwa kwenye pembe ya mbele ya chasi upande wa kulia, karibu na springi. Isugue kwa brashi ya waya mpaka isomeke, uilinganishe na kibati na kitabu. Zisipofanana, shika njia. Historia ya MOT, yaani ukaguzi wa usalama wa gari wa kila mwaka, inapatikana bure kwenye tovuti ya serikali kwa kuandika namba ya gari, na maoni ya wakaguzi wa zamani kuhusu kutu yana ukweli kuliko tangazo lolote.

Gari likitimiza miaka 40 linaweza kuingizwa kundi la magari ya kihistoria. Kodi ya barabara inakuwa sifuri, ingawa bado unaiomba kila mwaka, na ukaguzi wa MOT si lazima tena mradi halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Binafsi naona kuukwepa ukaguzi huo ni ujinga. Ada yake ya juu ni pauni 54.85, na kwa fedha hiyo mtu mwenye ujuzi anakaa chini ya gari lako akitafuta kitakachokuua. Lipeleke kila mwaka. Faida nyingine ya kundi la kihistoria ni London: gari la namna hiyo halitozwi ada ya ULEZ, ile ya magari yanayochafua hewa, ambayo tangu Agosti 2023 imefika mitaa yote ya jiji.

Jumba la makumbusho la magari lililoko Gaydon linatoa cheti kinachoonyesha gari lako lilitengenezwa lini na lilipelekwa kwa nani. Si lazima, ila ni raha kulijua.

Leseni ya nyumbani unaruhusiwa kuitumia kwa miezi 12 tu tangu uwe mkazi. Baada ya hapo ni lazima uwe na ya Uingereza, la sivyo bima yako ni karatasi tupu.

Vifaa vya kuanzia

Usinunue karakana nzima. Jeki ya magurudumu ya tani tatu na stendi nne imara ndivyo vya kwanza, na hapa usibane matumizi. Jeki ni ya kunyanyulia. Anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake anacheza na roho yake. Halafu seti ya spana na soketi za inchi, maana boliti za Series III kwa sehemu kubwa ni za inchi na spana ya milimita itazimung'unya kona. Saizi utakazozishika kila siku ni 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4. Ongeza spana ya toki, fila gechi ya kupimia nafasi ndogo, malitimita, brashi ya waya, grainda, dawa ya kulegeza boliti, na boksi la glavu.

Mashine ya kuchomelea aina ya MIG inaweza kusubiri. Vyuo vya ufundi katika miji mingi vina darasa la jioni la kuchomelea, na mihula michache pale inakufundisha zaidi ya video zote za mtandaoni, huku ukitumia mashine na gesi yao.

Kazi yenyewe: anza na kinacholisimamisha

Siku gari linapofika hamu yote inaelekea kwenye rangi. Izuie. Mpangilio ninaoufuata ni breki, usukani, chasi, injini, umeme, bodi. Utagundua kwamba rangi haijatajwa, nitaifikia.

Breki ni za ngoma magurudumu yote manne. Fungua upande mmoja tu, uache wa pili mzima uwe kielelezo cha namna springi zinavyokaa. Piga picha za simu kabla ya kugusa. Vumbi la ndani usilipulize kwa upepo, kwani viatu vya breki vya zamani vilikuwa na asbesto. Nyunyiza dawa ya kusafishia breki, futa kwa kitambaa, kifunge kwenye mfuko. Silinda ndogo za magurudumu zibadilishe zote, ni rahisi kuliko kuhangaika na seti za mipira. Mabomba ya chuma yaliyoota kutu yaondoe, uweke ya mchanganyiko wa shaba na nikeli ambayo hayashiki kutu. Mipira mitatu inayounganisha ekseli na chasi, badilisha. Jaza mafuta ya breki ya DOT 4 na utoe hewa ukiwa na mwenzio kwenye pedali. Pedali ikiwa inashuka sana kabla ya kushika, kabla hujalaani masta silinda rekebisha viatu: nyuma ya kila sahani ya breki kuna kichwa cha boliti, kizungushe mpaka gurudumu likwame kisha kirudishe kidogo mpaka lizunguke huru.

Kwenye usukani badilisha vichwa vya fimbo vilivyolegea, ni kazi ya asubuhi moja. Onyo moja: katikati ya usukani kuna rilei (si ya umeme, ni kiungo kinachopokeza mwendo wa usukani) iliyozama ndani ya mhimili wa mbele wa chasi, na ndani yake mna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa. Ikifunguliwa ovyo inaruka kama risasi. Ikiwa imechoka nunua nzima, usiifungue.

Springi za majani nazo zina kero yake. Boliti zinazozishika huota kutu ndani ya bushi na haziondoki kwa spana, nyundo wala matusi. Zilowanishe dawa wiki nzima kabla, siku ya kazi zipige moto, zikigoma kata kwa grainda pande zote mbili na uweke boliti mpya. Zifungie zikiwa zimepakwa grisi ya shaba, na kaza kikamilifu gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake. Ukikaza likiwa linaning'inia, mipira ya bushi itajisokota na kupasuka mapema.

Sasa chasi. Hapa ndipo msimamo wangu wa kutofungua gari lote hupingwa sana, na wanaopinga wana hoja: chasi mpya iliyochovywa zinki inadumu miaka mingi mno, na kuiweka ni lazima ulivue gari mpaka mifupa. Jibu langu ni hesabu. Kama kilichooza ni mhimili wa nyuma na mkono mmoja au miwili ya pembeni, vyote vinauzwa vikiwa vimeshaundwa. Unakata kibovu, unachomelea kipya, gari likiwa limesimama palepale. Kama kutu imefika kwenye nguzo kuu mbili, hasa sehemu za springi, usiendelee kuzibaziba. Chasi ya zinki inazidi pauni 2,000, na kazi yake inahitaji ghala, watu, na likizo ya kweli. Mwenye gereji ya kupanga na shifti za usiku asiianze. Auze gari hilo, anunue lenye chasi nzima.

Ukichomelea, fuata mambo haya bila mkato. Ondoa betri na nyaya za alteneta. Tangi la petroli, ambalo kwenye 88 liko chini ya kiti cha mbele cha kulia, litoe kabisa na ulipeleke nje. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Kata mpaka ufikie chuma kinachong'aa, kwa kuwa moto haushiki kwenye kutu. Tumia bati la milimita 2 na uchome mstari usiokatika kuzunguka kiraka chote. Vidonda vya nukta nukta mkaguzi wa MOT atavikataa. Sehemu zilizopakwa zinki zikwangue kwanza, moshi wake unaleta homa kali. Weka ndoo ya maji na kizima moto karibu, na ukimaliza usiondoke kwa saa nzima.

Kisha ndani ya chasi nyunyizia nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu kupitia matundu yake. Fanya hivyo siku ya joto, nta iweze kutiririka mpaka kwenye pembe, na urudie kila mwaka kabla ya Novemba, yaani kabla chumvi haijaanza kumwagwa. Kazi hii haina sifa, hakuna atakayeipiga picha, lakini ndiyo itakayokuwezesha kuwa na gari baada ya miaka kumi.

Ukifikia hatua ya kubadilisha chasi nzima, hifadhi risiti, piga picha za kila hatua, na soma maelekezo ya DVLA kwanza. Kanuni za magari yaliyojengwa upya zilibadilishwa Agosti 2025, na maelezo mengi yanayozunguka mitandaoni bado ni ya zamani.

Injini

Injini iliyolala muda mrefu usiipige stata. Toa plagi nne, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, iache ilale usiku. Kesho yake izungushe kwa mkono. Land Rover hizi zina tundu la hendeli pale mbele, na raha ya kuiona injini ya miaka arobaini na ushei ikizunguka kwa mkono wako hainunuliki. Mwaga petroli ya zamani yote, badilisha oili na filta, weka 20W-50. Zungusha na stata bila plagi mpaka taa ya oili izimike. Hapo ndipo urudishe plagi.

Ikikataa kuwaka, karibu kila mara ni moto wa plagi au mafuta, na moto ndio wa kwanza kushukiwa. Fungua distribyuta, safisha pointi kwa msasa laini, weka nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Nafasi ya vali ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, na utashangaa jinsi injini inavyotulia baada ya saa moja ya kuzirekebisha. Kabureta ya Zenith ina ugonjwa wake: mfuniko hupinda kwa joto, ikaanza kunywa petroli au kuzimika ovyo taratibu. Unaweza kuunyoosha kwa kuusugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo bapa, mpaka uso wote ung'ae sawasawa.

Petroli ya kawaida Uingereza tangu Septemba 2021 ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli inakula mipira ya zamani ya mafuta, na mpira wa mafuta uliopasuka juu ya injini ya moto hauhitaji maelezo. Badilisha mipira yote kwa ile inayohimili ethanoli, na ujaze petroli ya daraja la juu, E5. Petroli yenye risasi iliondolewa tangu 2000. Kama viti vya vali havijawahi kubadilishwa, tia dawa mbadala wa risasi hiyo kila unapojaza tangi.

Halafu maji. Kwetu rejeta inajazwa maji ya bomba na maisha yanaendelea. Uingereza usiku mmoja wa baridi kali unatosha kuyagandisha maji hayo ndani ya injini, na barafu inapotanuka inapasua bloku ya chuma. Weka mchanganyiko wa nusu maji na nusu dawa ya kuzuia kuganda, mwaka mzima.

Umeme, kwa ufupi

Nusu ya matatizo ya umeme kwenye Land Rover ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Taa imefungwa kwenye aluminiamu, aluminiamu kwenye chuma, na katikati pameota unga mweupe. Kabla ya kununua chochote safisha ethi kuu ya betri kwenye chasi na ile ya injini, kisha peleka waya mweusi mpya kwenye kila taa. Rangi za waya za Kiingereza zina kanuni: kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, nyeupe unapita kwenye swichi ya ufunguo, kijani umepitia fyuzi, nyekundu ni taa ndogo, bluu ni taa kubwa, nyeusi ni ethi. Ukizishika hizo sita unaweza kufuata karibu waya wowote. Ukiwa hapo, weka swichi ya siri ya kukata umeme. Land Rover zinaibwa sana.

Bodi na rangi

Mikunjo midogo iache. Gari hili lilijengwa kufanya kazi, na bawa lililogongwa ng'ombe lina historia kuliko bawa jipya. Kama ni lazima upake, aluminiamu inahitaji praima yake maalumu inayong'ata bati, vinginevyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu chini ya mwaka. Rangi nzito ya mafuta kwa rola ya sponji na brashi nzuri, msasa wa maji kati ya tabaka na tabaka, inatoa uso unaokubalika kabisa kwa gari la namna hii. Kati ya Mei na Septemba tu. Kwenye baridi na unyevu rangi haikauki vizuri na puti haigandi.

Spea, pesa, na mama watoto

Spea zinauzwa za madaraja: halisi, za mtengenezaji aliyekuwa akikisambazia kiwanda, na za bei ya chee. Breki, usukani na beringi nunua za daraja la juu. Bawaba, vishikio na mipira ya milango za bei rahisi zitatosha. Kila Septemba huko Beaulieu, Hampshire, kuna soko kubwa la vipuri vya magari ya kale. Nenda na orodha na fedha taslimu, ondoka ukimaliza orodha. Jiunge na klabu ya Land Rover ya eneo lako. Wazee waliomo wamewahi kulikuta kila tatizo, wanapenda kuulizwa, na wengi wana stoo zilizojaa spea wanazotafuta mtu wa kumpa. Mara ya kwanza huenda ukawa mweusi peke yako kwenye uwanja wa hoteli uliojaa wastaafu. Mada ya giaboksi huvunja ukimya huo haraka.

Panga kiasi cha mwezi, kiwe kile kinachobaki baada ya kodi ya nyumba, chakula, na fedha ya kutuma nyumbani, wala kisiguse ada ya shule ya mtu. Nyumbani waambie mapema, kwa maana picha ya gari lako ikifika kwenye grupu la ukoo bila maelezo utaulizwa kwa nini paa la bibi linavuja.

Bima itafute kwa kampuni za magari ya kale, na dai mkataba wa thamani mliyokubaliana mapema kwa picha na risiti. Bila hivyo, likiibwa utalipwa thamani ya mkweche.

Ukiwaza kulirudisha nyumbani

Usukani uko upande wetu, kwa hiyo wengi hufika hapa. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Tanzania linaingia, ila kwa umri huo linaangukia kwenye ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine, na jumla inaweza kuzidi ulichotumia kulifufua. Zaidi ya hapo, Series III za kufufua zipo tele Arusha, Morogoro na Mbeya. Linalofaa kusafirishwa mara nyingi ni spea: viatu vya breki, mipira, beringi na vioo, vikikaa kwenye pipa la mizigo ya kawaida. Kama bado umeshikilia kupeleka gari zima, mwombe wakala wa forodha wa Dar es Salaam akupe hesabu ya kodi zote kwa maandishi, yenye mwaka wa gari na ukubwa wa injini, kabla hujalipia nafasi ya meli.